Panga nyumba yako upya kabla hujanunua kitu chochote

Kwetu Mbagala sebule ilikuwa ya wageni. Makochi yamevalishwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo limejaa glasi ambazo hakuna mtu amewahi kuzinywea maji, na sisi watu saba tunajazana kwenye korido na uani, watoto wanafanyia homuweki kitandani, mama anachambua mchele kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Chumba kikubwa kuliko vyote, chenye dirisha zuri kuliko yote, kinatumika Idi na siku za misiba. Mimi nilikuja kulishtukia hili siku nimeenda na hela mkononi kumnunulia mama sofa seti mpya, nikasimama mlangoni nikajiuliza, sofa mpya ya nani?

Kwa hiyo haya nayoandika hapa yametoka kwenye nyumba ya kawaida ya Dar, vyumba vitatu, sebule na daining, jiko, choo cha masta na kile cha wote, kakorido katikati. Imejengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi kama zilivyo nyumba zetu nyingi. Kama yako iko hivyo utaelewa kila kitu.

Kitu cha kwanza ni wiki moja ya kuangalia tu. Usiguse kitu. Chukua daftari uandike watu wanakaa wapi kweli, sio wapi panatakiwa kukaliwa. Saa kumi na mbili asubuhi nani anasubiri choo na anasubiria wapi, jioni watoto wako wapi, viatu vinarundikana wapi, funguo na chaja zinatupwa juu ya nini, ndoo za akiba ya maji zinakaa wapi siku maji yamekatika. Kila rundo unaloliona ndani ya nyumba linakwambia kitu, viatu vikijaa mlangoni maana yake hapo panahitaji kabati la viatu au hata shelfu ya mbao mbili, kuwafokea watoto kila siku haisaidii kwa sababu hakuna pa kuviweka. Nguo zikilundikana kwenye kiti cha chumbani ujue kabati limejaa nguo zisizovaliwa. Mimi niliandika siku saba na nikagundua kwamba watu wote wa nyumba ile wanapita sehemu moja, pale kati ya friji na meza ya daining, njia ya upana wa kama futi moja na nusu, kila mtu anapita kiubavu, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa sababu tulishazoea.

Alafu toa vitu. Hapa ndo pagumu kuliko pote, maana kila kitu kina historia yake na mama ana haki ya kukataa. Usitupe kitu cha mtu bila kumuuliza, nimeona ugomvi mkubwa umetokana na kabati bovu la marehemu babu. Njia iliyofanya kazi kwetu ni kuhamishia vitu uani kwa siku mbili, sebule ikabaki tupu kabisa, afu tukawa tunarudisha kimoja kimoja na kila kinachorudi lazima mtu aseme kinafanya kazi gani. Meza ndogo nne za glasi hazikurudi. Kochi moja la mtu mmoja halikurudi. Kabati la vioo lilirudi, mama alilitaka, ila likahamia ukuta wa daining na glasi zikaanza kutumika.

Sasa pima. Tafuta tepu na daftari la hesabu lile la viboksi, kila kiboksi kihesabu kama sentimita 25, chora chumba na milango inafungukia upande gani, madirisha, soketi na swichi ziko wapi. Afu kata vipande vya karatasi vya ukubwa wa makochi, vitanda, friji, kwa kipimo hichohicho, uvisogeze juu ya daftari. Hii inaonekana kazi ya shule lakini inakuokoa mgongo na hela. Ukishapenda mpangilio chukua chaki uchore sakafuni ukubwa halisi, wapitishe watu, mwambie mtu abebe sinia apite. Vipimo vya kukumbuka ni vichache tu: njia kuu ya kupita iwe karibu sentimita 90, kati ya kochi na meza ya katikati sentimita 45 zinatosha mtu akae na miguu ipite, nyuma ya kiti cha daining acha sentimita 75 hadi 90 ili mtu avute kiti asimame bila kugonga ukuta.

Watu wengi wanapanga sebule kwa kubandika makochi yote ukutani kuzunguka chumba kama ofisi ya serikali ya mtaa, katikati linabaki kapeti tupu. Inafaa siku ya kikao cha ukoo. Siku za kawaida watu wanaongea kwa kupaza sauti maana wako mbali. Sogeza kochi kubwa mbele hata nusu mita kutoka ukutani, au ligeuze mgongo wake utazame daining, hapo umeshagawa vyumba viwili bila kujenga ukuta. Tivii usiiweke ikitazamana na dirisha, mchana hamtaona kitu zaidi ya pazia lenu, na usiiweke mgongo wa dirisha pia kwa sababu macho yanachoka, iweke ukuta wa pembeni.

Kuna jambo moja la ramani zetu nataka nilikazie maana nyumba nyingi limekosewa. Mgeni akikaa sebuleni asione mlango wa choo wala njia ya kutoka bafuni kwenda chumbani. Mama zetu wanatoka kuoga na kanga moja, wasichana wameshakuwa wakubwa, na nyumba imejengwa ikiwa na mlango wa choo cha wote unatazamana na kochi la mgeni. Watu wanajifungia bafuni kusubiri mgeni aondoke! Kuhamisha choo ni gharama, sikushauri, lakini unaweza kuweka pazia zito kwenye mdomo wa korido, au kabati la vitabu refu lisimame kama kizuizi, au fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao za kusimama zenye nafasi katikati ili hewa ipite. Hata kugeuza tu mlango ufungukie upande wa pili inasaidia, ukifunguka unakinga badala ya kuonyesha. Wazee wetu walilijua hili, zile nyumba za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo na jiko viko uani nyuma kabisa, mgeni anaishia barazani na mambo ya ndani yanabaki ya ndani.

Na kama ni familia ya Kiislamu, tafuta kona ya msala mapema kabla makochi hayajajaa. Kwa Dar kibla iko kaskazini karibu moja kwa moja, maana Makka na sisi tuko karibu mstari mmoja, kwa hiyo ukishajua kaskazini ya nyumba yako umeshajua kila kitu. Na ukibadilisha choo mwambie fundi akigeuze, anayekitumia asielekee kaskazini wala asiipe mgongo, mafundi wengi hawaulizi.

Haya, hewa na mwanga. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanatumia hela nyingi kwenye dari za jipsamu zenye taa za rangi rangi wakati chumba kinawachemsha. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, kaskazi inayovuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi kutoka kaskazini mashariki, na kusi inayovuma miezi ya katikati ya mwaka kutoka kusini mashariki. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea. Dirisha moja hata liwe kubwa vipi halitoshi, lazima kuwe na tundu upande wa pili, dirisha jingine au mlango au yale matofali ya matundu juu ya mlango. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu juu ya kila mlango, sisi tukayaziba kwa sababu yanaingiza vumbi. Yafungue, weka wavu wa mbu, utaona tofauti usiku wa kwanza. Kwetu kabati la nguo lilikuwa limesimama mbele ya dirisha la pili la chumba cha watoto kwa miaka, tulipolihamisha watoto waliacha kuja kulala sebuleni.

Madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi yanapendeza, ila jua kwamba yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kila siku. Yale ya zamani ya luva yalikuwa yanapitisha hewa dirisha zima. Mama alibadilisha ya luva akaweka ya kuslaidi na chumba kikawa cha moto, sababu ni hiyo. Kama unaagiza sasa hivi omba ya kufunguka kama mlango, na zungumza na fundi mapema grili na wavu vitakaa wapi, maana dirisha linalofungukia nje halielewani na grili ya nje.

Jua la jioni ndo adui. Ukuta wa magharibi unapigwa kuanzia saa nane mpaka jua linazama na tofali linatunza joto mpaka usiku wa manane, na kurefusha paa hakusaidii sana kwa sababu jua la saa kumi na moja linakuja chini chini. Kinachosaidia ni kivuli cha kusimama, mti, mmea wa kutambaa kwenye waya, au hata shedi neti, ule wavu wa kivuli, iliyokazwa mita moja kutoka ukutani. Ndani pia panga kwa kufuata jua, chumba cha magharibi kiwe stoo au cha kuvalia kama una uwezo wa kuchagua, asilale humo mtoto mchanga wala bibi.

Pangaboi: mapanga yake yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na taa usiiweke juu ya mapanga, mwanga utakuwa unakatikakatika mpaka kichwa kiume. Na kitanda cha dabodeka kisikae chini ya pangaboi hata siku moja, mtoto wa juu akisimama ni hatari. Nimeshaona nyumba mbili wamefanya hivyo.

Balbu nyingi madukani ni zile nyeupe za 6500K, ni nzuri jikoni na kwenye meza ya kusomea. Sebuleni na chumbani tafuta iliyoandikwa 3000K, ya njano njano, rangi ya ukuta na sura za watu zinabadilika kabisa. Badala ya taa moja kali katikati weka mbili tatu ndogo pembeni. Mapazia bomba lake lipite upana wa dirisha kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande, ili ukifungua kitambaa kikae ukutani na dirisha libaki wazi lote. Pazia jepesi la shia, lile linalopitisha mwanga, linatosha mchana, mapazia mazito ya mahameli yanatunza vumbi na joto.

Rangi sasa. Kabla ya rangi, unyevu. Hili nilikosea mwenyewe na liliniuma. Ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa chini, plasta inamenyeka, chumvi nyeupe inatoka, nikaambiwa piga rangi ya mafuta itaziba. Nikapiga. Masika ilipokuja ile rangi ikavimba mapovu ikabanduka vipande vipande kama ganda, maana maji yanapanda kutoka chini kwenye msingi na rangi ya mafuta haiyaruhusu kutoka. Hela ikaenda. Dawa ilikuwa nje wala sio ndani: maji ya mvua kutoka kwenye bati yalikuwa yanadondokea pale pale kwenye msingi, na udongo ulikuwa umepanda juu ya ukuta. Tukashusha udongo, tukaweka gata, tukamwaga zege lenye mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba, tukakwangua plasta iliyooza tukaacha ukuta ukauke wakati wa kiangazi, ndo tukapiga plasta mpya. Plasta mpya nayo inataka kama siku 28 kabla ya rangi, fundi atakwambia wiki moja inatosha, usikubali.

Umeme ufanyike kabla ya skimingi, yaani kule kulainisha ukuta kabla ya rangi. Hesabu soketi unazohitaji kutoka kwenye lile daftari lako la wiki ya kwanza, ona eksitenshoni zinapita wapi sakafuni, kila eksitenshoni ya kudumu ni soketi inayokosekana. Ukuta ukatwe sasa, paipu zipite, mashimo yazibwe, afu skimingi, afu rangi. Watu wanapiga rangi wanafurahi mwezi mmoja afu wanakumbuka soketi ya friji.

Kukadiria rangi ni rahisi. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye ukuta wa mita 3 kwenda juu, mzunguko wake ni mita 18, mara 3 ni 54, toa mlango na madirisha kama 6, inabaki 48. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 96. Lita moja inafunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji kama lita 10, ndoo ya lita 20 inapiga vyumba viwili vya hivyo. Ukijua hii hesabu huwezi kuagizwa ndoo nne za chumba kimoja. Rangi ya siliki, ile inayong'aa, inafutika kirahisi ila inaonyesha kila bonde la ukuta, kama skimingi yako haikunyooka chukua isiyong'aa. Kuhusu rangi gani, mimi napenda nyumba nzima iwe na rangi moja nyepesi, krimu au nyeupe iliyovunjwa kidogo, na dari nyeupe, afu rangi zenye nguvu zije kwenye vitu vinavyobadilishika, mito, mapazia, mikeka ya ukili, kanga nzuri iliyowekwa fremu. Korido na chumba cha watoto ukishajiridhisha hakuna unyevu piga ya mafuta kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, mikono ya watoto inafutika na kitambaa.

Jikoni kuna kosa moja naliona kila mahali. Kaunta zinajengwa sentimita 90 kwa sababu ndo kipimo cha kwenye picha, juu yake jiko la gesi, juu yake sufuria, afu mtu asonge ugali wa watu saba huku mwiko uko usawa wa mabega. Mabega yanakufa. Jengea sehemu ya jiko chini zaidi, kama sentimita 65 hadi 70, na pale pa kukatia mboga na sinki pabaki juu. Mpime anayepika, sio fundi. Mtungi wa gesi ukiweza uweke nje, usimame wima, mpira upite ukutani, na kama uko ndani hakikisha kuna tundu la hewa chini karibu na sakafu maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Jiko la mkaa liwe uani kwenye kibanda chake, lisiingie ndani hata mvua inyeshe. Na ndoo na madumu ya maji yajengee shelfu ya zege chini ya kaunta, yasiwe wageni kila siku.

Vyumbani sina mengi. Pima kitanda pamoja na chandarua, maana chandarua kinahitaji nafasi kuzunguka, kikibanwa ukutani mkono wa mtoto unagusa neti usiku na mbu wanauma hapohapo. Na dada wa kazi ana mwili kama sisi. Nimeingia nyumba za tailizi mpaka ukutani ambazo dada analala kwenye godoro linalokunjwa asubuhi nyuma ya kochi. Akiwa hana chumba, angalau mpe kona yenye kitanda, pazia, na kabati lenye kufuli lake, ipange kwenye daftari kama ulivyopanga tivii.

Tailizi za bafuni na kibarazani chukua za rafu, zile zisizoteleza. Zile za kung'aa zikishika maji bibi anaanguka, na kiuno cha mtu mzima kikivunjika ni shughuli nyingine.

Siku hizi watu wanatamani kubomoa ukuta kati ya sebule na daining. Kabla hujapiga nyundo panda darini ukaangalie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimekalia wapi. Nyumba zetu nyingi fundi ameegemeza nguzo za paa kwenye kuta za ndani hata kama ramani haikusema, ukibomoa paa linashuka taratibu na bati zinaanza kuvuja. Mlipe mhandisi aje aone, na kama ukuta unabeba, ujue utahitaji bimu ya zege na nguzo zake. Mara nyingi kukata uwazi wa mita mbili chini ya linta iliyopo (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) kunakupa ulichotaka kwa bei ndogo, ila hata huo ukatwe akishapita mhandisi.

Tulimalizia na kibaraza. Tulijenga benchi la tofali kando ya mlango wa mbele, sentimita 45 kwenda juu na 50 kwenda ndani, tukapiga sakafu ya simenti ya rangi nyekundu, mkeka juu, na kivuli cha mwembe uliokuwepo. Ilitumia mifuko michache tu ya simenti na tofali zilizobaki. Mama anachambulia mchele pale sasa, watoto wanafanyia homuweki sebuleni kwenye meza ya daining chini ya taa nyeupe, na wageni wakija wanakaa barazani wenyewe bila kuambiwa.